Vitanda Vilivyosimama

Nyanya zilikuwa zimelala. Chapchap aliliona hilo alipofungua mlango wa jikoni asubuhi, hata uso hajanawa: matuta mawili marefu, toka kizingitini hadi ukuta wa nyuma, na miche yote imejitupa chini kama wageni wa harusi waliokosa usafiri wa kurudi. Wiki iliyopita ilikuwa imesimama wima. Lakini wiki iliyopita matunda yalikuwa kama gololi. Sasa yalikuwa kama ngumi za mtoto, na shina la mnyanya si shina la mwembe. Lina mwisho wake wa kubeba.

Akachutama, akafunua majani. Tunda moja lilikuwa limegusa udongo na upande wake wa chini umelainika, umepiga weusi. Akalichuma, akalirusha ng'ambo ya ukuta, akalisikia likipasuka. Kisha akainua pua. Upepo ulikuwa na harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine.

"Mvua," alisema, kama mtu anayemtaja mke mwenza.

Walimwita Chapchap kwa sababu hakuwahi kungoja chai ipoe. Aliinywa ikimuunguza, huku mkono wa pili ukifagia. Na kwa muda mrefu sasa ni wepesi huo, pamoja na matuta hayo mawili, uliokuwa unalisha nyumba. Mpishi mkuu wa kantini ya hospitali alikuwa akichukua nyanya zake zote, kwa sharti moja alilolisema huku anamnyooshea mwiko: "Iliyolala kwenye udongo usiniletee. Wagonjwa wangu wameshaugua vya kutosha."

Sharti la pili lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye nyumbani humo aliitwa Kaka Mkubwa hata alipokuwa hayupo. Nyumba ilikuwa yake, na uwanja wake. Alikuwa amewapa wakae mpaka wajipange, na kila alipokuja alitazama huku na huku kuona kama wamejipanga. Mara ya mwisho alisimama juu ya matuta, mikono mfukoni.

"Shemeji, kuna mwenye gereji anautaka uwanja huu aweke magari mabovu. Atalipa kila mwezi. Ninyi mnalipa nini?"

"Tunakupa nyanya, shemeji."

"Nyanya ziko sokoni." Akagusa mche mmoja kwa ncha ya kiatu. "Nitakuja naye Jumamosi. Nikikuta bustani inayoeleweka, nitafikiria. Nikikuta zimelala, magari yanaingia siku hiyo hiyo. Mimi sina maneno mawili."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Mumewe alikuwa amekaa ukumbini, anasokota kamba ya katani juu ya paja. Alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, na watu walimwita Fundi tu, ingawa wa kumwita walikuwa wamepungua. Siku hizi watu walinunua vitanda vya chuma na magodoro yaliyofungwa kwa nailoni. Vitanda vyake vinne vya mwisho vilikuwa vimeegemezwa ukutani, kimoja juu ya kingine, na Redio, binti yao, alikuwa amening'iniza sare yake ya shule kwenye mguu wa kile cha mbele.

"Baba Redio, nyanya zimelala."

"Nimeziona."

"Ukafanya nini?"

"Nimezionea huruma."

"Huruma haisimamishi mche. Nataka fito, nataka waya. Leo, si kesho."

Fundi akaivuta kamba kwa kidole gumba cha mguu, akaipima unene. Kwake hakuna neno lililotoka kabla halijakaguliwa. Chapchap hakuwa na muda wa ukaguzi. Alifunga kilemba, akatoka.

*

Karakana ya mbao ilikuwa mbele ya stendi. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gogo, anakula karanga, na vijana wake wawili wanapiga randa ubao. Chapchap alisalimia, akauliza bei ya fito.

"Za kujengea nini, mama?"

"Za nyanya."

Randa ya kijana mmoja ilisimama. Mwenye mbao akatafuna karanga yake mpaka ikaisha. "Nyanya? Siku hizi nyanya nazo zinajengewa?"

"Zinajengewa. Fito ishirini kiasi gani?"

Akamtajia. Chapchap alijua hata bila kugusa pindo la nguo alipofunga pesa zake kwamba hazifiki hata nusu. Akauliza kumi. Akauliza zile zilizopinda. Mwisho akauliza kama anaweza kuokota mabanzi yaliyolala pale chini, yale magamba ya mbao ambayo mtu yeyote anayatia jikoni.

"Mabanzi yana mwenyewe. Mama wa kuku anayachukua."

"Yote?"

"Kuku wake wengi." Akapangusa mikono, akamtazama vizuri. "Hebu ngoja. Wewe si mke wa Fundi kitanda? Sasa mama, una fundi ndani, unakuja kunisumbua mimi? Mwambie azisukie kitanda hizo nyanya, zilale vizuri!"

Vijana wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na mto, bosi, na mto!" wakacheka tena. Chapchap naye akacheka. Hakucheka kwa kupenda. Alikuwa anajua kwamba ipo siku atahitaji ubao wa mlango au wa jeneza, na mtu hatemi mate kwenye kisima ambacho huenda kesho kikamnywesha. Akawaaga kwa heshima, akaondoka na kicheko kile kimemganda usoni kama uji uliokauka.

Alikuwa amefika kwenye bomba la mtaa kicheko kilipodondoka. Akasimama katikati ya njia, mwenye mkokoteni akampigia kelele.

"Azisukie kitanda," alisema kwa sauti. "Mjinga yule. Zisilale. Zisimame!"

Akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia.

*

"Hivyo ni vitanda," alisema Fundi.

"Ni miti. Miti iliyokaa mwaka mzima inangoja mtu aje alale. Hajaja."

Neno likakaa katikati ya ukumbi, na hata Redio, ambaye jina lake hakulipata bure, akanyamaza. Chapchap aliona shingo ya mumewe inavyoshuka. Alitamani kulirudisha lile neno, lakini wakati wa kurudisha maneno nao ulikuwa haupo. Nje mawingu yalikuwa yameanza kukusanyana kama watu wanaotaka kufanya mkutano.

Fundi aliinuka. Akapitisha kiganja juu ya mfumbati wa kitanda cha mbele, ule mti mrefu wa ubavuni, alioupiga randa mwenyewe mpaka ukawa laini kama kipini cha jembe la zamani. Akaitoa sare ya Redio kwenye mguu wa kitanda, akamkabidhi mwenyewe. Kisha akauliza, taratibu:

"Toka tuta hadi tuta pana kiasi gani?"

Chapchap akashusha pumzi. Fundi akishauliza kipimo, ameshakubali.

Wakatoka. Fundi alipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, akarudi akapima vitanda. "Kitanda kikisimama kwa kichwa, mfumbati mmoja unaingia tuta hili, wa pili unaingia tuta lile. Kama goli la mpira. Magoli yamefuatana, kamba inapita katikati." Akahesabu kwa macho hadi ukutani. "Lakini vinne havifiki. Huku mwisho kunatakiwa kimoja zaidi. Na kiwe kigumu kuliko vyote, maana mvuto wote unaishia hapo."

Wote watatu walikuwa wamegeukia dirisha la chumba cha Mama Mkwe, na Mama Mkwe alikuwa dirishani, mashavu katikati ya nondo.

"Hata msimalize," alisema. "Nimewasikia. Kitanda kile nimezalia."

"Tunajua, Mama," alisema Chapchap.

"Wote wawili. Mkubwa alikuja na kelele, mtaa mzima ukaamka."

"Na baba je, Bibi?" Redio aliuliza.

"Baba yako alikuja kimya. Mpaka leo hajasema alichokiona."

"Mama," Chapchap alisogea dirishani, "Jumamosi mwanao anakuja. Akizikuta chini, hapa panakuwa makaburi ya magari, na mimi sina cha kupeleka kantini. Tutakula nini? Kamba?"

"Nami nitalala wapi?"

"Kwenye godoro letu. Sisi tutatandika mkeka."

"Godoro! Nilale kwenye sponji, mimi sufuria?" Lakini alikuwa ameshatoka dirishani. Walimsikia anakung'uta shuka, anaongea na marehemu mumewe kama kawaida yake, anamwambia asikasirike, ni watoto. Alipofungua mlango alikuwa amekumbatia mto wake. "Chukueni. Ila kirudi na miguu yake minne."

*

Ijumaa kutwa walifanya kazi. Walichimba, wakasimamisha, wakashindilia udongo kwa mchi. Kitanda cha Mama Mkwe kiliwekwa mwisho, karibu na ukuta. Kilikuwa cha mti mweusi mzito, na ilibidi wakibebe watatu. Miguu ya vitanda ilitokeza pembeni kama pembe, na jirani wa upande wa pili alipanda juu ya ndoo, akachungulia, akashuka bila kuuliza. Hilo lilimuuma Chapchap kuliko kama angeuliza.

Kamba ndiyo ilikuwa kazi ya Fundi peke yake. Alianzia kitanda cha karibu na jiko, akapita mbele ya mche wa kwanza, nyuma ya wa pili, mbele ya wa tatu, hadi kwa Mama Mkwe. Akazunguka mfumbati, akarudi upande wa pili, hivi kwamba kila shina likakaa katikati ya kamba mbili kama mtu aliyeshikwa mabega na ndugu zake. Chapchap na Redio waliinua miche, yeye akasuka. Hakupiga fundo njiani. Fundi wa kitanda hapigi fundo katikati. Kamba ni moja, inaanza kichwani inaishia miguuni, na akiifikisha hapo bila kiungo anakuwa amejiheshimu. Kila alipofika mwisho wa safu aliweka mguu kwenye mfumbati, akaegemea nyuma kwa uzito wote, akavuta mpaka kamba ikaimba.

Chapchap alikuwa hajamwona hivyo kwa muda mrefu. Hata mgongo ulikuwa umenyooka.

Walipofika safu ya mwisho, Fundi alisimama akajipangusa jasho. "Hapa mwisho kitandani huwa naacha nafasi. Naweka kamba ya mguuni, ile ya kukaza na kulegeza. Itanichukua mpaka giza."

"Ya kulegeza ya nini? Nani atalala humo, Baba Redio?"

"Si kulala. Katani ina tabia..."

"Tabia gani, na mawingu yale pale! Funga, kaza, tumalize." Akaigusa kamba kwa kidole, ikalia. "Ndiyo. Hivyo hivyo. Kaza! Kaka yako azikute zimesimama kama askari."

Fundi akarudi kwenye mfumbati. Akavuta mara ya mwisho, akapiga fundo la kufa, akakata mkia wa kamba kwa kisu. Zilisimama kweli. Matuta mawili ya kijani, kifua mbele, na matunda yananing'inia hewani yamepangusika. Redio akapiga saluti. Mama Mkwe, akiwa mlangoni, alisema haya sasa, kitanda chake kimepata mume mpya.

Usiku huo Chapchap alilala juu ya mkeka usingizi mzito, mara ya kwanza tangu wiki ianze.

*

Mvua ilianza alfajiri ya Jumamosi, si ya fujo, ile ya kutulia, inayokaa kama mgeni aliyevua viatu. Chapchap alikunywa chai yake ya moto kwenye mlango wa jikoni, akazitazama nyanya zinavyooga zikiwa wima, akajiambia: njoo sasa, Kaka Mkubwa. Njoo na huyo mwenye gereji wako.

Ndipo akasikia mlio. Kii. Kimya. Kii. Kama mlango mzee unaosukumwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Mama," Redio alisema nyuma yake, "mbona kitanda cha Bibi kimeinama?"

Kilikuwa kimeinama. Ncha yake ya juu ilikuwa inavutwa kuelekea jikoni, kidogo kidogo, na mlio ulikuwa unatoka kwenye maungio yake. Chapchap aliweka kikombe chini, akatoka mvuani. Kamba ilikuwa imenenepa, imekuwa ya rangi ya udongo, na haikulia tena alipoigusa. Ilikuwa ngumu kama chuma. Akainama kwenye mche wa kwanza. Zile kamba mbili, wale ndugu wawili wa mabega, zilikuwa zimeshalibana shina mpaka ganda limechanika na maji ya kijani yanatiririka. Wa pili vilevile. Wa tatu kichwa kilikuwa kimeshaanza kulegea.

"Baba Redio!"

Fundi alikuja mbio, kifua wazi. Hakuhitaji kuinama. "Katani ikinywa maji inajikunja," alisema. "Inajivuta. Ndiyo maana kitanda hakiachwi mvuani."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakwambia."

"Mbona hukusema!"

"Nilisema neno moja. Wewe ukasema kaza."

Hakusema kwa hasira, na bora angesema kwa hasira. Kweli Chapchap alisema kaza. Alisema mara mbili, mtaa mzima ulimsikia. Akaingia jikoni, akatoka na kisu, akaifikia kamba ya karibu.

Fundi akamdaka kifundo cha mkono. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumshika hivyo, na wote wawili walishtuka.

"Ukikata hapa, umekata kote. Ni kamba moja. Zote zinaanguka kwenye matope."

"Fungua lile fundo basi!"

"Limeshalowa. Lile ni jiwe sasa."

Kii, kitanda kilisema. Barabarani, kwa mbali, gari lilipunguza mwendo.

"Basi tufanye nini? Sema! Sema sasa, nakusikiliza!"

Na kweli alimsikiliza. Alisimama mvuani, kisu mkononi, maji yanamtiririka machoni, akangoja mumewe akague maneno yake. Alihisi kama anangoja mwaka mzima.

"Mwisho wa kamba ni kitanda cha Mama," alisema Fundi. "Tukikisogeza mbele hatua moja, kamba yote inapumua. Nikichimba tu, kitavutwa kwa nguvu, kitaangukia miche. Kwa hiyo mimi nichimbe, ninyi mkishike mkivute nyuma, na mkiachie kidogo kidogo. Nikisema."

"Redio! Shika huku!"

"Na mimi je?" Mama Mkwe alikuwa ameshafika, gauni amelipandisha mpaka magotini. "Kitanda changu mnakizika bila mimi?"

Wakashika, wanawake watatu, migongo kwenye ukuta, visigino kwenye matope. Fundi akaanza kuchimba. Walihisi pale udongo ulipoachia. Kitanda kilishtuka kama ng'ombe anayetaka kukimbia, kikawavuta wote mbele. Redio akapiga yowe. Mche wa mwisho ulikatika, wakausikia, tap, tunda likabingirika hadi mguuni kwa Chapchap.

Hapo ndipo honi ilipolia mlangoni. Na kama kawaida yake, bila hodi, Kaka Mkubwa akapita ukumbini, akapita jikoni, akatokea kizingitini na mwavuli wake.

Alichokiona ni kitanda alichozaliwa juu yake, kimesimama wima kwenye matope, na mama yake amekikumbatia.

"Hii ni nini?" alisema. "Hiki si kitanda cha Mama? Mama analala wapi?"

Kitanda kikavuta tena, wanawake wakakaza visigino.

"Nimeuliza! Shemeji, umemlaza mama yangu chini kwa ajili ya nyanya? Hivi ndivyo mlivyojipanga?"

Chapchap alitaka kujibu. Alikuwa na majibu matatu, yote makali. Lakini mikono yake ilikuwa inateleza juu ya mti uliolowa, na machozi yalikuwa yamepata pa kujificha.

Aliyejibu alikuwa Mama Mkwe. "Nalala kwenye godoro, linanila mgongo, tutaongea baadaye. Njoo ushike mfumbati."

"Mama, mtu ananingoja garini..."

"Njoo ushike!"

"Mama, viatu..."

"Juu ya kitanda hiki ulizaliwa mvua ikinyesha kama hii, na hukuniuliza habari za viatu! Shika!"

Honi ililia tena. Kaka Mkubwa aliitazama mvua, akamtazama mama yake. Akafunga mwavuli, akaingia kwenye matope na viatu vyake vya Jumamosi, akashika. Alikuwa mtu mzito, na mara moja kitanda kilitulia.

"Haya," alisema Fundi kutoka chini, udongo mpaka kwenye nyusi. "Achieni kidogo."

Chapchap akaachia, na mwili wake wote ukataka kuachia zaidi, ukataka liishe, liishe sasa hivi.

"Mama Redio. Polepole."

"Polepole," alirudia, kama mtoto anayefundishwa neno.

"Simameni. Hapo hapo. Kidogo tena. Kaka, usivute, shikilia tu. Simameni." Sauti yake haikupanda hata mara moja. Alikuwa anaitazama kamba, si watu. Anaweka kidole juu yake, anasikiliza, anatoa amri. Na watu wote wanne, pamoja na yule aliyekuwa mwenye uwanja, walikuwa wanamtii. "Kidogo tena. Basi. Basi! Shindilieni."

Kamba ilikuwa imelegea. Ilining'inia toka kitanda hadi kitanda kama mstari ulioandikwa na mtu mwenye usingizi, na miche iliegemea juu yake, imechubuka, imechoka, lakini imesimama.

*

Wakaingia chini ya paa la jikoni, wote wanatiririka. Hakuna aliyeketi. Miche ya upande wa ukutani, sita hivi, ilikuwa imekatika au imekwishalegea, na Chapchap alikuwa anajua kwamba haitapona. Alisimama kizingitini, kati ya shemeji yake na bustani, kana kwamba kuna mtu anayeweza kuziba uwanja mzima kwa mabega.

Kaka Mkubwa alitoa kiatu kimoja, akamwaga maji, akakirudisha. Honi ikalia kwa muda mrefu.

"Nilisema nikikuta zimelala," alianza.

"Zimelala, shemeji?"

Aliuliza kwa upole uliomshangaza mwenyewe. Ikiwa atasema ndiyo, Jumatatu mpishi wa kantini atatafuta mwingine. Ikiwa atasema ndiyo, hakuna pa kwenda kukata rufaa. Kaka Mkubwa alizitazama. Alitazama miche iliyokufa, akatazama iliyo hai, akatazama vitanda vitano vilivyosimama mvuani miguu pembeni. Alikuwa mtu wa kusema sina maneno mawili, na mama yake alikuwa amesimama pale pale, anamngoja.

"Hazijalala," alisema hatimaye, kama mtu anayeng'olewa jino. "Lakini hii si bustani. Hili ni bweni."

Redio akajiziba mdomo.

"Nitamwambia mwenye gereji asubiri mavuno haya yaishe," aliendelea. "Halafu tutaongea. Sijasema hapana. Nimesema tutaongea."

Akachukua mwavuli wake. Alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi, pale vitanda vilipokuwa vimeegemezwa na sasa palibaki alama tu ukutani, Fundi alipomwita.

"Kaka."

"Nini tena?"

Fundi alikuwa anapangusa matope mikononi, kidole baada ya kidole. Alichukua muda wake. "Siku hiyo ukija," alisema, "piga hodi."

Kaka Mkubwa alimtazama mdogo wake kama mtu aliyesikia ukuta ukisema. Akageuka kwa mama yake kutafuta shahidi, na Mama Mkwe akawa anachunguza paa, lilikuwa linavuja mahali. Akatoka. Mlango haukubamizwa. Nje, honi haikulia tena.

*

Jioni mvua ilipumzika. Chapchap alichana shati kuukuu vipande vipande, akaenda kufunga vidonda vya miche. Fundi alikuwa mwisho wa tuta, anatia kamba ya mguuni kwenye kitanda cha mama yake, ile ya kukaza na kulegeza, na safari hii hakuna aliyemwuliza itachukua muda gani.

"Legeza kidogo," alisema bila kugeuka.

"Nimelegeza."

"Kidole kiingie."

Akaingiza kidole kati ya kitambaa na shina. Kikaingia.

"Viwili," alisema Fundi.

Wiki moja nyuma angemwambia aje afunge mwenyewe. Akalegeza, akaingiza vidole viwili.

Mama Mkwe alitoa kichwa dirishani. "Na kitanda changu kinarudi lini?"

"Zikishaiva, Mama."

"Sponji imeshanimeza nusu. Wiki ijayo mtanitafuta ndani yake."

Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka upande ule ule. Matone ya kwanza yalipiga majani, moja, halafu mengine mengi kwa pamoja, na Redio akawaita waingie ndani. Fundi aliingia. Chapchap alibaki amechutama penye mche wa kwanza, ule uliochanika ganda, vidole viwili akaviweka kati ya kamba na shina, akangoja. Maji yaliingia kwenye katani. Alihisi kamba inanenepa, inajivuta, inamjia polepole kama mtu anayekaribia gizani. Ikagusa vidole. Ikabana kidogo.

Ikaishia hapo.

Hakuvitoa mara moja.